Sufuria Aliyokataa Kuiosha

Kwake hukuli kabla hajala yeye. Hata ungekuwa mchungaji, hata ungekuwa umetoka Dodoma na njaa ya safari nzima, ungekaa juu ya gogo na sahani tupu mapajani ukimtazama mpishi akimega tonge, akichovya kwenye uyoga, akitafuna polepole kama mtu anayesikiliza jambo. Akishameza anafuta midomo kwa kiganja, anatugeuzia sahani yake tuione kuwa imekwisha, halafu anaanza kusimulia. Hadithi ikiisha ndipo mwiko unaingia chunguni kwa ajili yetu. Na hadithi zake zilikuwa ndefu.

Wengi wa mjini walidhani ni ubabe. Ubabe ulikuwepo, sikatai. Lakini kwetu Iringa kila mtu anajua kwamba anayeleta ulanzi, pombe ya mianzi, ndiye anayeanza kuunywa. Anapiga funda moja mbele za watu, kisha anampa mgeni mbeta, kile kipande cha mwanzi kilichojaa. Maana yake ni kwamba kama humu mna kitu, kimeanza na mimi. Yeye aliichukua desturi hiyo ya kilabuni akaihamishia kwenye uyoga, na akaishika kwa ukali kuliko wanywaji wenyewe.

Sote tulimwita Mama Mpishi. Mimi nilimfahamu kupitia usukani. Nilikuwa nimerudi kutoka kuhangaika Makambako, nikapata Noah ya tajiri mmoja wa Kihesa, nikawa napeleka watu wanakotaka. Jumamosi za mvua, walimu, wauguzi na wenye maduka walikuwa wanaikodi kwenda kwake. Kijiji chake kiko juu. Ukiacha lami unapanda barabara nyekundu hadi masikio yanaziba. Mnafika asubuhi, anawagawia vikapu, anawaingiza kwenye msitu wa miombo ulioko nyuma ya nyumba yake. Mnaokota uyoga, mnarudi kuupika na kuula chini ya miti hiyohiyo, na jioni mnashuka mjini magoti yamechafuka na vichwa vina ulanzi kidogo. Hapakuwa na bango wala tangazo. Watu waliambiana.

Msitu ule haukuwa mkubwa. Ungeweza kumwita mtu upande mmoja akakuitika upande wa pili. Marehemu mumewe aliuacha bila kuugusa, na mdogo wa marehemu, shemeji yake, alikuwa anautaka ili apande mipaina, miti ya mbao. Milima yote ya jirani ilikuwa imeshavikwa mipaina, mistari kwa mistari, na msitu wa Mama Mpishi ulibaki katikati kama kiraka cha kitenge cha zamani juu ya suti mpya. Miaka yote niliyomjua alikuwa akipigana vita hiyo moja. Mengine niliyoyaona kwake, hata yale ya kuchekesha, yalikuwa ndani ya vita hiyo.

Alikuwa na mwendo wa kushangaza. Mwili wake ulikuwa mzito, miguu imevimba vifundoni, na kwenye barabara ya kijiji alitembea akisimama kila mara kama mtu anayesubiri basi. Lakini akivuka mti wa kwanza wa msitu anakuwa mtu mwingine. Kichwa kinainama, kanga inafungwa juu ya magoti, na vijana waliokuja na raba za mazoezi wanaanza kuita, "Mama, tusubiri!" Hasubiri.

Sheria zake za msituni zilikuwa chache. Mfuko wa plastiki hauingii. "Uyoga unapumua," alisema. "Wewe ukifungwa kwenye nailoni kutoka hapa mpaka Iringa utafika mzima?" Hung'oi kama unang'oa jino, unazungusha taratibu. Mzee aliyefunguka sana unamwacha. Mdogo ambaye bado amejifunika unamwacha pia. Na ukiuona uyoga hupigi kelele.

Hiyo ya mwisho iliwashinda wengi. Kuna dada mmoja wa benki, mcheshi, aliyekuja na raba nyeupe kama maziwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kando ya kichuguu kulikuwa na uyoga mweupe, mkubwa kuliko kofia ya mzee.

"Mama! Mama Mpishi! Njooni muone, mwavuli huu!"

Mama Mpishi akafika bila haraka. "Umeuona?"

"Nimeuona, Mama, mimi wa kwanza!"

"Na mguu wako umeona nini?"

Dada akatazama chini. Uyoga mdogomdogo, wa ukoo uleule, ulikuwa umepondeka chini ya raba nyeupe.

"Huo ulikuwa wa Jumamosi ijayo," Mama Mpishi akasema. "Umeula leo kwa kiatu."

Dada yule alinuna hadi chakula kilipoiva. Lakini Jumamosi iliyofuata alirudi, na baada ya hapo sikumbuki msimu ambao hakuja. Hivyo ndivyo alivyokuwa mama yule. Alikutukana ukarudi.

Alikuwa na misemo yake ambayo sijaisikia kwingine. Kwa mtu aliyekuja akaogopa kula alisema, "Mwoga hali uyoga, anakula habari za uyoga." Kwa mwenye haraka alisema, "Moto nao una miguu yake." Aliposikia mtu akijisifu kwamba amesoma, hakumdharau. Alimuuliza amesoma nini, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Basi hayo yashike. Na kikapu kishike vizuri pia."

Hakuwa malaika, na sitaki kumchora hivyo. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, sauti ya pili, lakini Jumapili ya Januari ikiamka baada ya mvua nzito ungekiona kiti chake kikiwa wazi. Mchungaji alimuuliza siku moja mbele ya watu, "Mama, Jumapili iliyopita ulikuwa wapi?" Akajibu, "Nilikuwa naokota mana, Baba Mchungaji. Ingekaa mpaka Jumatatu ingeota mabuu." Kanisa zima likacheka, naye mchungaji akaomba apelekewe kidogo.

Aliimba kwamba mpaina ni mti usio na adabu. Unakunywa maji yote, alisema, hauna ndege, hauna nyuki, hauna hata kichuguu, chini yake ni sindano tupu. Lakini paa lililomfunika lilikuwa la mbao za mipaina, na kitanda alicholalia, na hata gogo tulilokalia kusubiri chakula. Shemeji yake alilijua hilo na hakuacha kulitumia. Alikuwa mwanamume mwembamba, mpole wa sauti, mwenye koti la kahawia alilolivaa masika na kiangazi. Akipita njiani alisimama kutuangalia tulivyokaa na sahani zetu.

"Kamweneni, wageni."

"Kamwene, baba."

"Shemeji, nyumba haivuji?"

"Haivuji."

"Uyoga unaezeka vizuri siku hizi."

Kisha anacheka mwenyewe, anaondoka na jembe lake. Mama Mpishi anamsindikiza kwa macho. "Mnyalukolo yule," anasema, kama tunavyoitana watu wa Iringa, "angekuwa na akili ya kuacha kitu kama alivyo na akili ya kukata, tungekuwa mbali."

Sasa kuna habari ya daktari. Tulimpeleka msimu mmoja, daktari kijana kutoka mjini, mtu wa heshima. Mama Mpishi alipomaliza kula na kutugeuzia sahani, yule akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mama, samahani. Kuna uyoga ambao hauui siku hiyo. Unakula leo, unacheka leo, kesho kutwa ini limekwisha. Sasa huku kutusubirisha kwa hadithi hakusaidii."

Mama Mpishi akasogeza ukuni motoni.

"Basi leo cheka," Mama Mpishi akamwambia, na akaendelea na hadithi.

Tulicheka sana, daktari naye. Lakini mimi nilikuwa dereva, nafika mapema na kuondoka mwisho, na niliona kilichofuata. Tangu wiki ile Mama Mpishi alianza kuingia msituni Jumatano na Alhamisi, anaokota kidogo cha kila aina iliyokuwa inaota, anakula peke yake. Jumamosi aina ambayo hakuila wiki ile haikuingia chunguni, hata kama alikuwa ameila tangu utotoni. Hakumwambia daktari. Nilipomuuliza alisema, "Nimepunguza tu kelele za watu."

Kukubali kuwa mtu amemfundisha jambo kulikuwa kunamwuma kama jino.

Kati ya hadithi zake za kutusubirisha, ile tuliyoipenda zaidi ilikuwa ya sufuria. Nadhani niliisikia kila msimu, na kila msimu ilinenepa. Zamani alikuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni, sehemu nzuri yenye bustani na moto wa kuni sebuleni. Wakaja wageni wawili kutoka Ulaya, mume na mke, wazee. Asubuhi wakaenda kutembea kwenye mipaina, wakarudi na kofia zimejaa uyoga wa kahawia, unaoteleza.

"Unateleza kama kamasi la ng'ombe," alisema, na hapo akina dada wote husema "Aah, Mama, tunataka kula!" Naye huongeza kamasi.

Wageni wale waliingia jikoni kwake wenyewe. Wakaumenya ule uyoga ngozi yake ya juu, wakauchemsha, wakamwaga maji ya kwanza, wakaukaanga kwa siagi. Wakala wakifurahi kama watoto. Mama Mpishi alikwenda nyumbani akijua kesho yake atakuta maiti mbili. Asubuhi wakaja mezani wakaomba chai.

"Mungu ana huruma na wajinga," alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa tafsiri yake.

Meneja akamwambia aoshe sufuria. Akakataa. Kitu kilichoota chini ya mpaina hakimlishi mtu, alisema, na chombo kilichokipika si chombo tena. Meneja akasema, "Osha au vua aproni." Hapo Mama Mpishi husimama, hata magoti yakimuuma, na kutuonyesha alivyofungua fundo nyuma ya kiuno, polepole, akaikunja aproni mara mbili, akaitundika kwenye bomba la maji juu ya sufuria ile chafu. Akatoka kwa mlango wa mbele, ule wa wageni.

"Na sufuria?" tunamuuliza, ingawa tunajua.

"Iko palepale inanisubiri."

Ndivyo alivyorudi kijijini na kuanza kupikia watu chini ya miti yake. Sufuria ile ilikuwa kama cheti chake. Wengine hutundika ukutani shahada. Yeye alitundika kukataa kwake.

Nilimpeleka Mbeya mara moja tu. Dada yake alikuwa ameolewa Uyole akafariki huko, na akaniomba nimpeleke kwa kuwa mabasi yanamsumbua kifua. Baada ya mazishi alisema anataka kuona soko. Tukaingia sokoni Mwanjelwa, na huko akakutana na mama mmoja wa Kinyakyusa aliyekuwa na ungo wa uyoga wa njano. Nikajua siku imeharibika.

"Huu mmeukata kwa kisu," Mama Mpishi akasema.

"Ndiyo, mama. Msafi."

"Uyoga haukatwi kwa kisu."

"Kwenu haukatwi. Kwetu unakatwa, unaoshwa, unaliwa, na watu wanazaa," mama yule akajibu bila kuinua macho. "Unanunua au umekuja kukagua?"

Nilitegemea vita. Mama Mpishi akacheka mpaka akajishika kwenye meza ya vitunguu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. Akanunua ungo mzima, wakaagana kwa "ndaga, ndaga", ile asante ya Kinyakyusa, kama ndugu, na garini akaniambia, "Yule angekuwa jirani yangu tungeuana au tungefika mbali."

Tulikaa huko hadi matanga yalipoisha. Tuliporudi, tukipanda ile barabara nyekundu, nilisikia msumeno wa mashine kabla sijaona kitu. Yeye alikuwa amesikia kabla yangu. Aliweka mkono kwenye dashibodi kama mtu anayetaka kusimamisha gari kwa nguvu zake.

Upande wote wa chini wa msitu ulikuwa umelala. Miombo ilikuwa imekatwa, mingine imeshapangwa kwa ajili ya tanuri la mkaa, na vichuguu vimebaki juani kama vichwa vilivyonyolewa. Shemeji yake alikuja kutupokea, koti lake la kahawia limejaa unga wa mbao.

"Shemeji, pole na msiba."

"Msiba upi?" akauliza. "Kuna wa Mbeya na kuna huu."

"Shemeji, tulikaa kama ukoo, wewe hukuwepo. Msitu hauliwi. Mipaina ndiyo inasomesha watoto hapa. Hata wa kwako alimaliza shule kwa mbao zangu, nikukumbushe au unakumbuka?"

"Nakumbuka. Nilikushukuru, na leo nakushukuru tena. Lakini hauliwi? Hizi gari zote zinaleta watu kuja kula nini hapa, upepo?"

Alikuwa kweli amemsomeshea mtoto. Lazima niseme, kwa sababu mtu akisikia habari hii upande mmoja atadhani shemeji alikuwa fisi. Hakuwa fisi. Alikuwa mtu aliyeona mlima mzima unapandwa mipaina, akaogopa kubaki nyuma.

Mama Mpishi hakulia, wala hakwenda kwa mwenyekiti. Alibeba mafiga yake matatu akayaweka pale ukataji ulipofikia, kati ya vijana wa msumeno na miti iliyobaki, akawasha moto akabandika chai. Kesho yake akapika ugali hapohapo. Kesho kutwa makande. Vijana wa msumeno walikuwa na njaa, akawapa. Nani atamwangushia mti mama anayempakulia chakula? Wiki za kuandaa shamba zikapita, mvua zikafika, miche ikaletwa. Wakapanda mipaina mpaka kwenye moshi wake, wakaishia hapo.

Ikabaki miombo kipande, kama uwanja wa kanisa, na vichuguu vitatu. Akaendelea kupokea watu kwenye kipande hicho. Lakini shemeji hakula tena kwake. Akija kusalimia alisimama nje, hata maji hakupokea. Kule kilabuni alikuwa anasema, "Yule mama anajua uyoga wote, wa kuponya na wa kuua. Mimi nimemkatia msitu, halafu nikale kwake?"

Maneno hayo yalimfikia. Sijawahi kuona kitu kilichomuumiza hivyo, kuliko hata msumeno. Mtu aliyekula kwanza maisha yake yote, mbele za watu, kuitwa hivyo. "Ananiita mchawi kwa tumbo lake," alisema, na akavunja ukuni kwa goti.

Mimi nikaondoka. Ndivyo nilivyo, mahali pakinizoea naanza kuwashwa. Nikaendesha malori ya vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, nikaenda Tunduma nikauza spea, nikakaa Mbalizi. Kila Desemba mvua ya kwanza ikipiga vumbi, popote nilipokuwa, pua yangu ilikuwa inarudi kwenye kile kipande. Watu wengine wanakumbuka nyumba walikozaliwa. Mimi nakumbuka gogo na sahani tupu.

Nilirudi masika iliyopita. Nilifika siku ya Ijumaa, peke yangu, nikamkuta hayupo nyumbani. Wakanielekeza kwenye mipaina ya shemeji. Miti ilikuwa imeshanizidi urefu mara kadhaa, chini kuna giza na sindano laini, na ndani ya giza hilo niliona kanga. Alikuwa ameinama. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Mkononi alikuwa na uyoga wa kahawia, anaumenya ngozi ya juu kwa kucha, ngozi inavutika kama gundi.

"Kamwene, Mama."

"Kamwene, dereva. Umekonda."

Hakuuliza nilikuwa wapi. Hakuwahi kuuliza.

"Mama, huo si ule wa kamasi?"

"Ndio wenyewe."

"Si uliapa?"

"Niliapa nikiwa na msitu," akasema. Akautupia kwenye kikapu. "Mipaina imekalia shamba la uyoga wangu. Lazima inilishe."

"Na mwenye miti anajua?"

"Miti ni ya shemeji. Uyoga nani kaupanda?"

Tukarudi polepole, akanieleza. Jumapili baada ya ibada ukoo ulikuwa unakaa kikao kuhusu kile kipande kilichobaki. Shemeji alikuwa anasema mama amezeeka, wageni wamepungua, na ardhi imelala bure. Yeye tangu mvua za kwanza alikuwa ameanza kula ule uyoga wa mipaina, kwanza kipande kama ukucha, akasubiri siku mbili tatu, kisha kama kidole, akasubiri, hadi sahani. Kumenya, kuchemsha na kumwaga maji ya kwanza, alikumbuka kila kitu walichofanya wale wazee wa Ulaya.

"Yule daktari wenu alikuwa na kelele," akasema, "lakini hakuwa mjinga."

Jumamosi dada wa benki alileta gari la wageni. Wazee wawili wa ukoo walikuwepo pia, Mama Mpishi aliwaalika mwenyewe. Mafigani kulikuwa na vyombo viwili. Chungu kilikuwa na uyoga wa miombo, na pembeni yake, kitu ambacho sijawahi kukiona kwake, palikuwa na sufuria ya bati.

"Dereva, nenda kamwite shemeji. Mwambie namkaribisha chakula. Mwambie wazee wapo."

Nilimkuta anapogoa matawi. Aliposikia kuna wazee aliliweka panga chini. Asingekuja, angekuwa amesema mbele ya ukoo kwamba mke wa kaka yake anaua watu. Yale ya kilabuni ni ya kilabuni. Akavaa koti lake akanifuata.

Alikaa kwenye gogo akapewa sahani tupu kama sisi. Mama Mpishi akapakua kutoka kwenye sufuria, akamega, akachovya, akala. Akala yote. Akageuza sahani tukaiona. Tukajiweka sawa kusikiliza.

"Leo sina hadithi," akasema. "Huu nimeula jana. Nimeula juzi. Nimeula wiki iliyopita. Shemeji, zamu yako."

Shemeji akatazama sufuria. "Umetoka wapi?"

"Chini ya mipaina yako."

"Chini ya mipaina hakuna kinacholiwa. Wewe mwenyewe ndiye unayesema."

"Nilisema. Niliacha kazi kwa kusema hivyo, na miaka yote nimewachekesha watu kwa kusema hivyo." Akavuta pumzi. "Nilikosea. Haya, nimekuwa wa kwanza. Wewe ulisema msitu hauliwi. Tuone wa pili ni nani."

Mzee mmoja wa ukoo akakohoa. Shemeji akanyoosha sahani. Akapakuliwa. Akamega tonge dogo, akachovya, akalipeleka mdomoni huku amemkazia macho Mama Mpishi, naye hakuyakwepesha. Akatafuna. Akameza. Tukamsubiri kama tulivyozoea kumsubiri Mama Mpishi.

"Vipi?" mzee akauliza.

"Unateleza," shemeji akasema. Akamega la pili, kubwa kidogo.

Mama Mpishi akafunua chungu, akampakulia wa miombo, wa njano, uliopikwa kwa karanga. Huo hakuuliza umetoka wapi. Ulimi wake uliujua, maana aliinamisha kichwa. "Huu kaka alikuwa anakula mpaka anakwangua," alisema, si kwa yeyote. Alikula mpaka akakwangua.

"Kesho kwenye kikao utasema nini?" Mama Mpishi akamuuliza.

Alifuta sahani kwa tonge la mwisho. "Kile kipande kiacheni kikae," akawaambia wazee. "Mipaina yangu inatosha."

"Tumesikia," mzee akasema. "Na tumekuona unakula."

Mama Mpishi hakumshukuru. Alimwongezea ulanzi, baada ya kupiga funda lake kwanza.

Jioni wageni walikusanya vyombo kwa fujo kama kawaida. Dada wa benki akaiinua ile sufuria, chini imeganda uyoga na masizi. Mama Mpishi akamnyang'anya.

"Nipe, Mama, nikusaidie."

"Hii acha."

Akaenda nayo bombani peke yake, akainama kwa shida, akachota majivu na mchanga. Nilikuwa nimesimama karibu na gari. Alisugua ndani, akasugua nje, akasugua chini ambako hakuna mtu husugua, akaiinua kwenye mwanga akaitazama, akairudisha akasugua tena.

"Unatazama nini, dereva?"

"Sitazami kitu, Mama."

"Basi washa gari."

Niliwasha. Kwenye kioo nilimwona anaifudikiza kwenye chanja ili ikauke, kando ya chungu.